Mwenye Nyumba Aliyekataa Ufunguo

— Usinipe! Usinipe mkononi, Ishaka, nakwambia!

Mzee Mwidani alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota nguzo ya baraza. Mikono yake yote miwili aliificha nyuma, kama mtoto aliyekatazwa halua.

— Mzee, ufunguo ni wako, — alisema Ishaka. — Nyumba ni yako. Nilikwambia tangu mwezi haujaandama kwamba nahama. Pokea.

— Sipokei.

— Basi nakuwekea hapa barazani.

— Uuweke nije niuokote? Na kuokota si kupokea? Wanionaje, Ishaka?

Chini ya baraza, kwenye jua kali la Timbwani, ulikuwa umesimama mkokoteni wenye vyombo vya mpangaji mpya: vikapu, masufuria, godoro la pamba lililofungwa kamba. Juu ya godoro alikaa mwenyewe, Nyamvula, mwanamke wa Kidigo aliyekuwa akiuza nazi pale feri.

— Jamani, — alisema, — mimi nilikotoka ameshaingia mtu mwingine. Huo ufunguo una moto?

— Una talaka, — alisema Mzee Mwidani.

— Una nini?

— Talaka. Ya tatu. Muulize mwenyewe huyo, aliyeufunga nayo.

Ishaka hakuwa kijana wa kuulizwa mambo yake mbele ya watu, na kwa siku nyingine angekwisha kumjibu mzee jibu la kumnyamazisha. Leo alisimama tu, ufunguo kiganjani, akitazama mkokoteni.

Maneno aliyasema kwa kinywa chake, na nyumba nzima iliyasikia, maana kuta za vyumba vile hazifiki kwenye makuti; ukipiga chafya chumba cha mbele, wa nyuma atakuombea dua. Alikuwa amepata kazi ya kuchomelea mabomba huko Changamwe, kunakojengwa mtambo wa mafuta, na amepata na chumba huko huko. Kulthum, mkewe, alisema hatoki. Akaambiwa tena, akasema hatoki. Ndipo Ishaka akapandisha:

— Siku nitakayompa Mzee Mwidani ufunguo huu, nawe umo ndani ya chumba hiki, basi umeachika!

Mbili zilikuwa zimekwisha kutoka, mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa ugomvi ambao leo hata hawaukumbuki vizuri. Zote mbili alimrejea kabla eda haijesha. Hii ya tatu haina marejeo. Mke mpaka aolewe na mtu mwingine, akae naye, aachike, ndipo. Asubuhi yake Ishaka alikwenda kwa sheikh wa msikiti akitafuta upenyo.

— Neno limekwisha kutoka, mwanangu, — sheikh alimwambia. — Ukitoa ufunguo naye yu nje, kiapo kimepita bure na mke ni mkeo. Ukitoa naye yu ndani, usije tena kuniuliza.

Na Kulthum alikuwa ndani.

— Watu wazima wenzangu, — alisema Mzee Mwidani, akimgeukia Nyamvula, — kutwa wanagombania Mwambao, bendera ya nani ipande na ya nani ishuke. Mimi hapa nagombana na ufunguo! Kesho nikipita msikitini watasema yule ndiye aliyeachisha mke wa mtu kwa mkono wake.

— Basi mwache abaki, mume aende, — alisema Nyamvula. — Chumba kikubwa. Nitakaa naye.

— Nikisha kupokea ufunguo yeye yumo ndani, ndiyo nimemwachisha, mama! Wasikia lakini?

Ishaka aliwaacha wakibishana, akaingia.

Kulthum alikuwa amekaa chini, katikati ya chumba, na vitu vimekwisha kuondolewa pande zake zote. Kitanda kilikuwa kimefunguliwa, mbao zake zimefungwa pamoja. Sanduku la nguo lilikuwa mlangoni. Alikuwa akikunja kanga. Akimaliza huikunjua, akaanza tena.

— Simama nikunje mkeka.

— Kunja huo uliobaki.

Ishaka akaukunja kutoka pembeni mpaka ukamfikia magotini. Akauacha hapo.

— Mpangaji yuko nje na vyombo vyake.

— Nimemsikia. Ana sauti nzuri.

— Kulthum, wajua nilivyosema.

— Najua. Nilikuwapo.

— Basi toka.

— Umekuja kusema hilo tu?

— Wataka niseme nini? Wataka talaka?

— Sitaki talaka.

— Wataka hiki chumba?

— Sikitaki.

— Sasa wataka nini?

Alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa njia ya mji aliohama zamani.

— Sijui, — alisema. — Siku hizi sitaki kitu. Njaa yenyewe siioni. Nikikaa hapa, angalau nimekaa.

Ishaka alingoja hasira ije. Hasira yake ilikuwa haijapata kumtupa. Tangu udogo ilikuwa ikimtangulia kila mlango. Sasa ilifika kifuani, ikatazama, ikaondoka.

Mtoto wao, Faki, alifia katika chumba kile kwa homa, masika yalipokuwa yakianza, kabla hajajua kusimama. Tangu hapo waliishi kama wapangaji wawili waliowekwa chumba kimoja kwa makosa. Walipishana. Walisalimiana.

— Wewe ulikwenda kazini, — alisema Kulthum bila kuinua macho. — Siku ile ile. Watu wametoka makaburini, hata maji hawajanywa, wewe ukabadilisha shati ukaenda kazini.

Ishaka aliinua mbao za kitanda, akazitia begani, akatoka.

Ukumbini Mzee Mwidani alikuwa akimngoja. Alimshika mkono wa shati, akamvuta kando.

— Hebu sikiliza. Mke wangu amepata shauri.

— Shauri gani?

— Atamwita mkeo uani. Binti yule ana adabu, akiitwa na mtu mzima haketi. Akishafika uani tu, wewe waninyooshea ufunguo, mimi napokea, bismillahi, kiapo kimepita. Akitaka kurudi ndani arudi, akae mpaka achoke. Tutamtoa polepole.

— Mtamtoa?

— Wewe utamtoa! Mke wako!

— Na akijua?

— Akijua si bado ni mkeo? Wataka nini tena, yakhe?

Nyamvula alikuwa amekwisha kupanda barazani. Alichungulia ukumbini.

— Wanaume, wallahi! Kumwomba mtu atoke hamuwezi, mwamtega kama kuku.

— Wewe ni mpangaji au wakili?

— Ni mpangaji asiye na chumba, mzee. Ndiyo nina nafasi ya kusema.

Ishaka hakusema ndiyo, hakusema la. Alishusha mbao chini, akasimama na ufunguo wake. Kutoka uani ikaja sauti ya Bi Mwanatabu, mke wa mwenye nyumba, nyembamba na ya kujilazimisha:

— Kulthum! Kulthum we! Njoo mwanangu unishikie mtungi, mgongo wangu leo haukubali!

— Abee, mama! Naja!

Akaja. Alitoka chumbani akishika ukuta, miguu imekufa ganzi kwa kukaa. Alimpita Ishaka bila kumtazama, akampita Mzee Mwidani na kumwamkia shikamoo, akashuka kidato cha uani.

Alikuwa nje.

Mzee Mwidani aliutoa mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo, akaukunjua.

— Marahaba, — alisema kwa kuchelewa, halafu kwa kunong'ona: — Leta! Upesi!

Ishaka alimtazama mkewe. Alikuwa ameinama kwenye mtungi, akiunyanyua kwa mikono miwili, na bangili zake zilikuwa zimeteleza mpaka kwenye vidole, maana mikono ilikuwa imekonda. Hakujua imekonda lini. Kulthum alikuwa akimchekea Bi Mwanatabu kicheko cha heshima, cha mtu asiyetaka kumnyima mkubwa wake kitu kidogo kama kicheko. Bi Mwanatabu alikuwa akitazama kuku.

Ilikuwa ni kuuachia ufunguo tu. Usingetoa hata sauti.

— Kulthum! — alipaza Ishaka. — Rudi ndani!

Kila mtu alisimama alipo.

— Mtungi hauna kitu. Umeitwa ili nitoe ufunguo ukiwa nje, basi. Rudi ndani.

— Una wazimu wewe! — Mzee Mwidani alijipiga paja. — Mke nimekuwekea tayari, kiapo kinaisha, wewe wamrudisha kwenye talaka yake!

— Sikuoa mke wa kuibia, mzee.

— Ulioa mke wa kuapia!

Hilo lilimwingia. Ishaka alifunga kiganja.

Kulthum aliuteremsha mtungi chini polepole, asije akauvunja.

— Ni kweli, mama?

— Mwanangu, — alisema Bi Mwanatabu, — mimi nilitaka heri.

— Najua.

Alipanda kidato, akawapita tena wote wawili, akaingia chumbani. Mlango ukafungwa. Kisha wakasikia komeo.

Mzee Mwidani aliketi juu ya zile mbao za kitanda, akavua kofia akaiweka gotini. Ishaka alikwenda akaketi sakafuni, mgongo kwenye mlango uliofungwa. Muda ukapita. Nyamvula alimpa mwenye mkokoteni dafu anywe, akamwambia atulie.

Sauti ya Kulthum ilitoka karibu sana, chini kabisa. Naye alikuwa ameketi, upande wa pili wa ubao ule ule.

— Kwa nini umesema?

— Ulikuwa wacheka.

— Ungenyamaza, sasa hivi ningekuwa mkeo.

— Ungekuwa.

— Na sasa je?

— Sasa ufunguo ninao mimi.

Ishaka alimsikia akivuta pumzi.

— Ishaka, mara zote ulizonitajia Changamwe, wasema toka. Toka, toka, kama paka aliyeingia jikoni. Siku moja hujaniambia njoo.

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa na majibu mengi, yaliyopangika, yenye ncha. Lakini lililomtoka likawa jingine kabisa.

— Sikwenda kazini.

— Wasemaje?

— Siku ile. Sikwenda. Nilipanda feri kama mtu anayekwenda. Ikafika ng'ambo, watu wakashuka, nami sikuona sababu ya kushuka. Ikarudi huku, sikuona sababu. Basi nikawa nakwenda na kurudi, mpaka jua likatua. Baharia mmoja akadhani nimeajiriwa, akanipa kamba nishike.

— Ukaishika?

— Nikaishika.

— Hukulia?

— Nilishika kamba, Kulthum.

— Mbona hukuniambia? Mpaka leo nakuona mtu uliyemzika mwanao ukaenda kutafuta ijara!

— Ningekwambia nini? Kwamba sioni kitu moyoni? Wewe ulikuwa walia mpaka sauti imekauka, mimi nimelala kando yako macho wazi, kama gogo. Nilisema, huyu akijua kwamba sioni kitu atanichukia. Nikasema, nikihama humu, labda...

— Labda nini?

— Labda kitaanza kuniuma.

Kulthum aliposema, sauti ilikuwa kavu, haina kulia ndani yake.

— Mimi kiliuma, halafu kikaacha. Niliamka asubuhi moja nikakuta hakimo. Ndiyo sababu sitoki. Nasema labda kimo humu humu chumbani, kimejificha mahali, nikingoja kitarudi. Ni aibu, Ishaka. Mama mtu, nakaa hapa naungojea uchungu wangu kama mgeni.

Mzee Mwidani alikuwa ameinua uso, akitazama makuti kwa bidii, kama mtu anayekagua mahali panapovuja. Nyamvula alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya leso.

— Kulthum, — aliita Ishaka.

— Abee.

Alikuwa hajaitikiwa hivyo tangu masika.

— Nakuomba. Njoo twende pamoja. Sijui kama huko ni bora. Lakini njoo. Na kama hutaki, huu ufunguo simpi mtu, nitakaa nao mpaka nizeeke.

— Na chumba changu? — alisema Mzee Mwidani.

— Nyamaza, bwana! — Bi Mwanatabu alimkaripia kutoka uani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza wapangaji kusikia akimkaripia.

Komeo likasogea.

Ishaka aliinuka upesi asije akaangukia ndani. Kulthum alitokea, kanga imekunjwa mkononi, uso umemkauka. Hakumtazama mtu. Alivuka ukumbi mzima, akapita barazani, akateremka, akaenda kusimama juani karibu na mkokoteni.

— Mpe, — alisema.

Ishaka alinyoosha mkono. Mzee Mwidani aliruka.

— Ngoja! Ngoja kwanza! Bi Mwanatabu, ingia utazame. Pana mtu?

— Hapana mtu, bwana.

— Nyuma ya mlango?

— Hapana.

— Nyamvula, wewe ni shahidi. Kulthum binti Jaffar!

— Abee, baba.

— Uko nje?

— Niko nje.

— Miguu yote miwili?

— Yote miwili, baba. Jua lanichoma.

Mzee Mwidani alivaa kofia yake, akaiweka sawa, akasema bismillahi, akakinga viganja viwili kwa pamoja. Ishaka akauachia ufunguo. Mzee akaufumbata, akafumba na macho, akakaa hivyo kidogo, halafu akafumbua jicho moja.

— Kimepita?

— Kimepita, — alisema Ishaka.

— Alhamdulillahi. Na usiape tena ndani ya nyumba yangu.

— Sikai tena ndani ya nyumba yako.

— Basi hata kwa jirani!

Nyamvula alicheka, na mwenye mkokoteni akacheka kwa kumfuata, bila kujua sana anacheka nini. Akaanza kufungua kamba za godoro. Ishaka alizitoa mbao za kitanda, akaenda kumchukua mkewe waanze safari.

Kulthum hakuwa pale aliposimama. Alikuwa amepanda baraza tena, anaingia ndani.

— Ah! — alisema Mzee Mwidani. — Waenda wapi tena? Chumba nimekwisha kukipokea! Ufunguo huu! Mpangaji huyu!

Kulthum alisimama kwenye kizingiti, hakugeuka.

— Nimetoka kwa kuombwa, baba, — alisema. — Sasa hapana kiapo. Nataka niingie mara moja niage. Hapo mwanzo nilikuwa siagi, nilikuwa nimefungwa.

— Lakini chumba...

Nyamvula alimnyang'anya ufunguo kiganjani, hivi hivi, kama anayechukua nazi yake.

— Chumba cha nani sasa?

— Chako, lakini...

— Basi mimi nina wageni. Karibu, Kulthum. Na wewe bwana mkubwa, tua hizo mbao, karibu ukae na mkeo. Chumba changu hakina haraka.

Waliketi sakafuni, pale pale. Chumba kilikuwa kitupu, na sauti za nje zilikuwa zikiingia juu ya ukuta: Mzee Mwidani akimlalamikia mkewe, mkewe akimjibu. Ishaka aliingoja ile huzuni aliyoiona kwa wanaume wenzake makaburini, wale waliokuwa wakilia mtoto asiye wao. Haikuja. Kulthum alikuwa akitazama pembe iliyokuwa na kitanda, hajakaza macho, kama anayetazama barabara.

— Waona kitu? — aliuliza Ishaka.

— Hapana. Wewe?

— Hapana.

Kulthum aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe. Ulikuwa mwepesi na baridi. Ishaka aliufunika kwa mwingine. Wakakaa hivyo, na hapana kilichotokea, na kwa mara ya kwanza kile kisichotokea kilikuwa cha wote wawili.

Nyamvula aliingiza kikapu chake cha kwanza cha nazi, akavua viatu mlangoni, akakitua kwenye pembe iliyo mbali na miguu yao. Akatoka bila kusema.

— Huko Changamwe, maji mwateka wapi? — aliuliza Kulthum.

— Kuna bomba, mwisho wa nyumba.

— Matamu?

— Sijui. Bado sijayanywa.

— Umekwenda mara ngapi bila kunywa maji ya watu?

— Sikuona kiu.

Kulthum aliinuka, akajikung'uta vumbi, akamnyooshea mkono amwinue.

— Basi tuondoke, — alisema, — kabla wenzetu hawajapanga ndoo zao bombani.